Lakishi: Mji Ulioandikwa na Adui Zake

Kitabu cha Pili cha Wafalme kina mstari ambao wasomaji wengi huupita mbio. Hezekia, mfalme wa Yuda, ameona maji yamezidi unga. Anatuma watu kwa mfalme wa Ashuru wakaseme kwamba amekosa, na kwamba atalipa chochote atakachotozwa. Wajumbe hao hawakwenda Ninawi. Walikwenda Lakishi, mji wa Hezekia mwenyewe, kwa kuwa ndiko Senakeribu alikokuwa amepiga kambi. Alikuwa akifanya nini huko? Mwandishi hasemi. Moyo wake uko Yerusalemu, na huko ndiko anakotukimbiza, tukasikilize matusi ya amiri wa Ashuru chini ya ukuta na maombi ya Hezekia hekaluni. Lakishi inabaki nyuma kama kituo cha njiani.

Nami niliusoma hivyo miaka mingi, mpaka nilipoiona picha ya ukuta mmoja wa mawe uliotoka Ninawi. Ndipo nilipoelewa kwamba kituo hicho cha njiani kilikuwa mji wa pili kwa umuhimu katika Yuda yote, na kwamba yaliyoupata mwaka 701 KK tunayajua kwa undani kuliko karibu vita vyovyote vya zama za Biblia.

Leo Lakishi ni kilima. Waarabu walikiita Tell ed-Duweir. Kiko kilomita 40 hivi kusini-magharibi mwa Yerusalemu, katika Shefela, ile nchi ya vilima vifupi iliyobanwa kati ya uwanda wa pwani na milima ya Hebroni. Aliyetoka Misri au pwani akitaka kupanda milimani kwa upande huo alipita chini ya macho ya Lakishi. Kilima chenyewe kimepandishwa na watu kwa sehemu kubwa. Nyumba za matofali mabichi zikibomoka hazizolewi. Wajao husawazisha kifusi na kujenga juu yake, na wanaowafuata hufanya vivyo hivyo. Fanya hivyo kwa miaka elfu mbili na zaidi, utapata mlima wenye tabaka kama mkeka uliokunjwa. Katika kona ya kaskazini-mashariki, ndani ya kuta, kuna kisima cha mita 44 kwenda chini. Aliyewahi kuchimba kisima kwa sururu atajua kazi hiyo ilikula mikono mingapi. Lakini ngome yenye maji nje ya ukuta si ngome, ni mtego.

Wakanaani ndio waliouinua mji kwanza, na kutoka kwao tumepata kitu kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko kuta zote. Ni kitana cha pembe ya ndovu, kifupi kuliko kidole, upana wake sentimita mbili na nusu hivi. Kilifukuliwa mwaka 2016, kikawekwa na vingine, na miaka ikapita kabla ya mtu kukiona vizuri na kugundua kwamba kina mikwaruzo isiyo ya kawaida. Mikwaruzo hiyo ni herufi, 17 kwa jumla, na zinaunda sentensi moja kamili: dua kwamba kitana hiki kiwatoe chawa katika nywele na ndevu. Wataalamu waliotangaza habari hiyo mwaka 2022 walikadiria kuwa iliandikwa karibu mwaka 1700 KK, na wakaihesabu kuwa sentensi kamili ya zamani kuliko zote iliyopatikana katika alfabeti ile ya Kikanaani, mama wa alfabeti tunayoitumia hapa. Katikati ya meno kulikutwa mabaki ya chawa wenyewe. Pembe, kwa kila dalili, ilitoka Misri, maana ndovu hawakuwepo Kanaani wakati huo. Kwa hiyo mwenye kitana alikuwa tajiri, na utajiri haukumkinga na chawa.

Baada ya kitana hicho, Lakishi inasikika zaidi katika barua za kujipendekeza kwa wakubwa. Mwaka 1887 huko Amarna, Misri, yaliibuliwa mabamba ya udongo ya karne ya 14 KK, barua ambazo watawala wadogo wa Kanaani walimwandikia Farao. Wamo watawala wa Lakishi: Zimredda, Shipti-Baalu, Yabni-ilu. Mtindo ni ule ule wa mtu anayeanguka miguuni pa bwana wake mara saba na mara saba tena. Katika barua nyingine Abdi-Heba, mtawala wa Yerusalemu, anawachongea watu wa Lakishi kwamba wamewalisha maadui wa Farao, na katika nyingine tena tunasikia kwamba Zimredda ameuawa na watumwa wake mwenyewe. Uadui wa majirani hawa wawili haukuanza na Biblia.

Kitabu cha Yoshua kinasema Yafia, mfalme wa Lakishi, alikuwa miongoni mwa wafalme watano waliojificha pangoni Makeda, na kwamba mji ulitwaliwa siku ya pili ya mapigano. Udongo nao una habari yake. Mji wa mwisho wa Wakanaani uliteketezwa karibu mwaka 1130 KK, na karibu na lango lake kulipatikana kipande cha shaba nyeusi chenye jina la Farao Ramses wa Tatu. Kitu chenye jina la Farao yule hakiwezi kufukiwa kabla ya Farao mwenyewe kutawala, kwa hiyo wanaotaka kuiweka habari ya Yoshua mapema wana hesabu ya kutoa. Waliouchoma hawakuacha jina. Mji ukawa mahame kwa muda mrefu, nyasi zikaota.

Uliporudi ulikuwa mji wa Yuda. Mambo ya Nyakati inamtaja Rehoboamu, mjukuu wa Daudi, kuwa aliujenga Lakishi pamoja na miji mingine yenye maboma. Baadaye mfalme Amazia, alipofanyiwa fitina Yerusalemu, alikimbilia Lakishi, wakamfuata wakamwua huko huko. Mtu hukimbilia mahali anapodhani pana nguvu. Nabii Mika, mtoto wa vilima hivi hivi, anaulaumu mji huo kwa magari yake ya vita na kuuita chanzo cha dhambi ya Sayuni. Maneno hayo ni makali, lakini ukiyasoma kama habari tu yanakuambia kwamba Lakishi palikuwa na kikosi cha farasi na magari.

Mtu aliyekuja mjini zamani za Hezekia alipanda njia ya mteremko, ukuta ukiwa kulia kwake, akapita lango la nje, akageuka, kisha akaingia lango la ndani, jengo la mita 24 na nusu kila upande lenye vyumba sita, vitatu mkono huu na vitatu mkono ule. Ndani ya vyumba hivyo kulikutwa mabenchi ya kukalia, ya wale wazee wa langoni ambao Biblia haichoki kuwataja. Chumba kimoja kilikuwa mahali pa ibada, na hapo, mwaka 2016, wachimbaji walitangaza jambo lililowachekesha wengi: madhabahu zilizokatwa pembe zake, na pembeni yake jiwe la choo lenye tundu katikati. Vipimo vilionyesha kwamba choo hicho hakikutumika. Wachimbaji walikumbuka jinsi mfalme Yehu wa Israeli alivyoigeuza nyumba ya Baali kuwa choo, wakasema hapa tunaona mkono wa Hezekia aliyevunja mahali pa juu: jiwe liliwekwa kunajisi, si kujisaidia. Wengine wamepinga maelezo hayo. Mimi nayaona yana mantiki, ila sitaapa.

Hezekia huyo ndiye aliyekataa kumtumikia mfalme wa Ashuru. Sargoni alipouawa vitani mwaka 705 KK na mwanawe Senakeribu kukalia kiti, majimbo kadhaa yalidhani wakati umefika. Yuda ilijiandaa. Katika Lakishi peke yake kumepatikana mikono ya mitungi zaidi ya 400 iliyopigwa mhuri wa maneno "ya mfalme", pamoja na jina la mmoja wa miji minne na alama ya mbawakawa au ya jua lenye mabawa. Mtungi mmoja ulibeba lita 45 hivi, za mafuta au divai. Hiyo ni akiba ya serikali inayojua kwamba siku mbaya zinakuja.

Zilikuja mwaka 701. Senakeribu alishuka pwani, akaisambaratisha miji ya Wafoinike na ya Wafilisti, akalipiga jeshi lililotoka Misri, kisha akageukia Yuda. Yerusalemu iko juu milimani. Lakishi iko njiani. Akaanza na Lakishi.

Kilima kina mabonde karibu pande zote. Ni kona ya kusini-magharibi tu ambapo kinaungana na mgongo wa kilima cha jirani, na hapo ndipo Waashuri walipolenga. Walilundika mawe juu ya mteremko mpaka yakaufikia ukuta, wakayapaka udongo juu ili magari ya kubomolea yapande. Tuta hilo lipo mpaka leo. Ndilo tuta la vita la Waashuri pekee lililokwisha kupatikana popote. David Ussishkin wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, aliyechimba hapo kuanzia mwaka 1973, alikadiria uzito wake kati ya tani 13,000 na 19,000. Mwaka 2021 mwanaakiolojia Yosef Garfinkel na wenzake walipiga hesabu upya: mawe milioni 3, kila moja la kilo 6 na nusu, yakipitishwa mkono kwa mkono usiku na mchana, yangemaliza siku 25 hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasini, ambayo haina kiu wala mishale. Walidhani pia kwamba mateka ndio waliosukumwa mbele kubeba, na hilo silioni gumu kuaminika.

Waliokuwa ndani hawakukaa kutazama. Walipoona tuta linapanda, nao walilundika kifusi cha nyumba zao upande wa ndani, wakapata mahali pa juu pa kupigania hata kama ukuta ungeanguka. Chini ya ukuta, hapo hapo kwenye tuta, wachimbaji walikuta mawe makubwa yaliyotobolewa, ya kilo mia na zaidi, mengine yakiwa na mabaki ya kamba iliyoungua ndani ya tundu. Ussishkin anadhani yaliteremshwa kwa kamba na kubembezwa ili yayapige magari ya adui. Kulikuwa pia na kipande cha mnyororo wa chuma, huenda wa kulinasa gogo la kubomolea na kulipeleka upande. Chembe za mishale zilikuwa kwa mamia, nyingi za chuma, nyingine zimepinda ncha kwa kugonga ukuta. Na mawe ya kombeo yaliyochongwa mviringo, makubwa kama ngumi.

Sasa ule ukuta wa Ninawi. Austen Henry Layard, Mwingereza aliyechimba jumba la Senakeribu katikati ya karne ya 19, alikuta chumba ambacho kuta zake zote zilikuwa habari moja: kutekwa kwa Lakishi. Mawe hayo yako British Museum, London. Kutoka kushoto wapiga kombeo na wapiga mishale wanasonga kwa safu. Katikati mji unawaka, na matuta yanapanda yakiwa na magari ya kubomolea. Watu wa juu ya ukuta wanamwaga mienge mingi kiasi kwamba hewa yote imejaa moto. Na hapa ndipo ninapokwama kila mara. Ndani ya gari moja la Waashuri, askari ameshika kata ndefu anamwagia maji ngozi iliyolifunika gari lisishike moto. Vita vyote vile, dola nzima, na mchongaji akapata nafasi ya kumwonyesha mtu na kata yake ya maji.

Kulia kwa hayo watu wanatoka. Wametoka na vifurushi mabegani. Kuna mkokoteni wa ng'ombe uliosheheni mizigo, wanawake na watoto wamekaa juu yake. Wanaume wawili wamelazwa chini uchi, wanachunwa ngozi. Wengine wametundikwa juu ya miti. Na mwisho wa msafara, juu ya kiti kirefu, ameketi Senakeribu mwenyewe, na maandishi mbele ya uso wake yanatangaza kwamba mfalme wa dunia ameketi kitini na nyara za Lakishi zinapita mbele yake. Uso wake umeharibiwa kwa makusudi. Ninawi ilipoanguka mwaka 612 KK mtu mmoja aliingia chumbani humo na chombo kizito, na alijua anamtafuta nani.

Ajabu ni kwamba katika kumbukumbu zake za maandishi, Senakeribu haitaji Lakishi hata kidogo. Anasema alitwaa miji 46 ya Yuda yenye kuta, akatoa watu 200,150, na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege katika tundu. Lakishi imezama ndani ya ile 46. Nadhani sababu ni rahisi. Yerusalemu haikutekwa. Hezekia alilipa dhahabu talanta 30 na fedha nyingi, lakini aliendelea kukaa katika kiti chake. Kwenye maandishi unaweza kuipamba habari ya ndege na tundu. Kwenye ukuta wa jumba unahitaji mji unaoungua, na Lakishi ndiyo iliyoungua. Mwandishi wa Biblia naye alikuwa na sababu yake ya kunyamaza: alitaka kueleza jinsi Yerusalemu ilivyookoka, na maiti za Lakishi zingemharibia habari.

Maiti zilikuwepo. Katika mapango ya mteremko wa magharibi wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta mifupa ya watu wapatao 1,500 iliyotupwa kwa pamoja, wanawake na watoto wakiwemo. Juu yake kulikuwa na mifupa ya wanyama, mingi ya nguruwe.

Aliyeongoza uchimbaji huo alikuwa James Leslie Starkey, Mwingereza aliyeanza kazi mwaka 1932. Januari 1938, akiwa njiani kwenda Yerusalemu kwenye ufunguzi wa jumba la makumbusho, aliuawa na watu wenye silaha. Mzigo wa kuandika yote aliyoyafukua ukamwangukia msaidizi wake, Olga Tufnell, aliyeutumikia karibu miaka 20. Ndani ya mzigo huo kulikuwa na bishano. Kilima kilionyesha tabaka mbili za mji wa Yuda zilizochomwa. Ya juu ni ya Wababeli, hakuna aliyepinga. Ya chini, Starkey aliipa mwaka 597 KK, miaka kumi tu kabla ya ile ya juu, na wakubwa wa fani walikubaliana naye. Tufnell aliviangalia vyungu akaona havifanani kabisa: vizazi vimepita kati ya tabaka hizi. Akaandika kwamba moto wa chini ni wa Senakeribu, 701 KK. Hawakumsikiliza wengi. Ussishkin alipochimba upya na kuiunganisha mitungi yenye mhuri wa mfalme, vipande vikatoka ndani ya majivu ya tabaka hiyo hiyo ya chini, na bishano likaisha. Mwanamke yule aliishi kuyaona hayo.

Mji ulijengwa tena baada ya Senakeribu, ukiwa dhaifu kuliko mwanzo. Nebukadreza wa Babeli alipokuja, Yeremia anasema ilibaki miji miwili tu ya Yuda yenye maboma, Lakishi na Azeka. Mwaka 587 au 586 KK nayo ikaisha. Baadaye Waajemi waliweka jumba lao la utawala juu ya kilima, Nehemia anautaja mji mara moja kati ya vijiji vya Yuda, kisha watu wakauacha.

Lakini mapema mwaka 1935 vibarua wa Starkey, wakisafisha chumba kimoja cha lango, walitoa vigae 18 katikati ya majivu ya moto huo wa mwisho. Vilikuwa na maandishi ya wino, kwa Kiebrania. Vitatu zaidi vilipatikana mwaka 1938. Vingi ni barua zilizokwenda kwa ofisa anayeitwa Yaushi, na anayejitaja kuwa mwandishi ni Hoshaya, ambaye huenda alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha jirani.

Hoshaya anajiita mbwa mbele ya bwana wake, kama desturi ilivyotaka. Lakini barua moja imeandikwa kwa uchungu. Yaushi amemwambia kwamba hajui kusoma barua. Hoshaya anaapa kwa jina la Mungu: hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kumsomea barua, na kila barua inayomfikia, akishaisoma, anaweza kuirudia neno kwa neno. Babeli inakuja, naye ameumia moyo kwa sababu bosi amemwona hajasoma. Katika barua nyingine analalamika kwamba maneno ya wakuu yanailegeza mikono ya watu, karibu shitaka lile lile walilompa Yeremia. Na katika ile iliyo maarufu kuliko zote anasema wanaangalia ishara za moto za Lakishi kwa alama zote alizopewa na bwana wake, kwa kuwa Azeka haionekani.

Wengi wamesoma hapo kwamba Azeka imeshaanguka. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba kutoka alipokuwa Hoshaya kilima kilimziba tu, na ofisa mwangalifu anatoa taarifa ya kawaida. Vigae vitano kati ya hivyo vilitoka katika mtungi mmoja. Ndiyo maana mwanaakiolojia Yigael Yadin alishuku kwamba barua hizi hazikuletwa Lakishi, ila ziliandikwa hapo hapo, kuwa rasimu za barua nyingine iliyotumwa. Vyovyote ilivyokuwa, mtu alivunja mtungi, akakaa karibu na lango akiwa na wino, na kwa herufi zilizozaliwa na zile za mwenye kitana akaanza kwa kumwombea bwana wake asikie habari njema siku hiyo, siku hiyo hiyo.